Aliyeandikwa Hakuanza

Kwa mujibu wa kumbukumbu za chuo chetu cha ufundi, Mama Pacha hakuanza masomo. Hakuingia darasani hata siku moja, hakushika bisibisi yetu, hakukalia benchi letu. Mbele ya jina lake paliandikwa neno moja tu: hakuanza. Neno hilo niliandika mimi, kwa vidole vyangu hivi, nikiwa na akili zangu timamu na chai yangu pembeni. Kwa hiyo nikisema nina hasira, msidhani nimejisahau. Mimi ni wa kwanza kwenye orodha ya ninaowakasirikia.

Alikuja dirishani kwangu mwanzoni mwa mwaka, siku za usajili, akiwa na miaka thelathini na tisa na gauni la kazini lililopauka mikononi kwa dawa za kufulia. Mimi ndiye karani wa usajili. Walimu huniita Bi Rejesta. Jina lilianza kama utani likaninata, siku hizi hata mume wangu hulitumia akitaka kunichokoza. Yule mama akanisalimia, akasema anafua shuka hospitalini, mwaka wa kumi na mbili sasa, na anataka kusomea umeme.

"Umeme wa majumbani au wa mitambo?" nikamuuliza.

"Wa mashine ya kufulia, dada. Nyinyi muiite mnavyotaka, mimi nitakaa darasa lenye hiyo."

Nikacheka, nikamwandika. Foleni ilikuwa fupi siku ile, naye alikuwa mtu wa maneno, kwa hiyo nikapata kisa chote.

Kule kwenye chumba cha kufulia kulikuwa na mashine tatu za kufua, moja ya kukamua na mbili za kukausha, zote kuukuu, kila moja na vituko vyake. Aliyezitengeneza alikuwa fundi mmoja tu wa hospitali, mzee aliyekaribia kustaafu, na miaka yote hiyo Mama Pacha ndiye aliyemshikia tochi. Kwa kushika tochi akajifunza. Alijua mota inayochoka kwa mlio wake, na mkanda uliolegea aliusikia hata akiwa ameupa mgongo. Siku moja fundi akiwa likizo, mashine kubwa ikagoma. Mama Pacha akazima umeme ukutani, akafungua kifuniko, akauona waya ulioungua. Akakifunga tena, kwa sababu asiye na cheti haruhusiwi kugusa. Wagonjwa walilalia shuka chafu siku mbili wakingoja mtu mwenye cheti atoke huko atokako aje abadilishe waya uleule.

"Nilikuwa naujua, dada," aliniambia. "Nikakaa nautazama kama mjinga."

Msimamizi wa matengenezo pale hospitalini alimwambia waziwazi: fundi anastaafu mwisho wa mwaka, nafasi itatangazwa, leta cheti cha umeme nikuweke mbele ya wote, bila cheti hata barua yako sitaipokea. Hicho ndicho alichokifuata kwetu. Cheti kimoja, kabla ya mwaka kuisha.

Nyumbani alikuwa na pacha wake, wasichana wawili wa sekondari, na mama yake mzazi. Mumewe alifanya kazi ya ujenzi wa barabara na alionekana mara moja kwa mwezi, akila kana kwamba anajaza akiba. Mama Pacha akaomba zamu ya alfajiri ili mchana awe huru. Saa nane kamili alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono bado inanuka sabuni. Jioni pacha walimshikia daftari na kumuuliza maswali huku yeye akipika. Akikosea, anaosha vyombo badala yao. "Kwa hiyo wananiombea nikosee," alisema, "tena wanachagua maswali magumu makusudi."

Sasa niwaeleze hesabu yetu, maana bila hiyo hamtaelewa tulichomfanyia. Kila chuo hupimwa na wizara kwa kitu kinachoitwa kiwango cha mafanikio. Unachukua waliohitimu, unagawanya kwa walioanza, unazidisha kwa mia. Basi. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Kiwango kikishuka chini ya themanini na tano, chuo kinawekwa kwenye uangalizi na kozi zinaanza kufungwa. Kikipanda, Mkuu wa chuo anaalikwa kwenye mikutano akawafundishe wenzake siri ya mafanikio.

Siri yenyewe ni hii. Namba ile inaweza kupanda kwa njia mbili. Unaweza kufundisha vizuri ili wahitimu wengi, na hiyo inachosha. Au unaweza kupunguza walioanza. Kanuni inasema mwanafunzi akiacha kabla ya siku arobaini na mbili hahesabiwi kuwa ameanza. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wajinga. Wapo watu wanaokuja wiki mbili, wanachomwa sindano za cherehani mara tatu, wanaaga, na si haki mwalimu wa ushonaji abebeshwe lawama yao. Lakini sisi tuliichukua kanuni ya wanaoondoka wenyewe tukaigeuza ya kuwaondoa watu. Wiki ya sita, chuoni kwetu, walimu huiita wiki ya ufagio.

Mwaka ule Mkuu aliingia ofisini kwangu siku ya thelathini na tisa, akiwa na karatasi yenye majina thelathini na moja. Waliokosa siku kadhaa, waliopata alama ndogo kwenye jaribio la kwanza, wasichana wawili waliokuwa wajawazito. Akaiweka mezani karibu na chai yangu.

"Hawa watoe, Bi Rejesta. Andika hawakuanza."

"Wameacha, Mkuu?"

"Wataacha."

Alisema hivyo na uso mkavu kabisa. Nikamwambia baadhi yao nimewaona asubuhi hiyohiyo wakifagia karakana. Akanijibu kwa ile sauti ya upole anayoitumia akitaka kukufunga mdomo, kwamba karakana ya umeme iko hatarini kufungwa, na je, nataka walimu wanne wakose kazi kwa ajili ya watu wasiojua wanachotaka? Nikameza maneno. Nilikuwa nimeyameza miaka mitatu mfululizo, hayakunikaba tena. Nikaandika hakuanza, hakuanza, hakuanza, mara thelathini na moja. Mama Pacha alikuwa wa kumi na tisa, kwa jina lake la kitambulisho, nami nilimjua kwa lile la pacha. Nikampita kama nguzo ya barabarani.

Kosa lake lilikuwa kwamba mama yake aliteleza bafuni akavunjika nyonga, naye akakosa siku kumi na moja. Alimwomba mwalimu wake ruhusa, akaipata. Wiki ya saba akarudi darasani, akaketi benchi lake la mbele, na hakuna aliyemwambia kitu.

Waliofagiwa katika kozi nyingine waligundua upesi. Walimu wengi huita majina kwa orodha iliyochapwa ofisini kwangu. Kama halimo, halisomwi, unabaki umekodoa macho, mwalimu anampa mlinzi jina lako, na kesho yake mlinzi anakuambia getini kwamba hakutambui. Lakini mwalimu wa umeme ni Mzee Koili. Wanafunzi walimwita hivyo kwa jinsi anavyoizunguka mada mara saba, kama waya wa koili, kabla ya kufika katikati. Mzee huyu hajawahi kuamini karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Huita majina kwa daftari lake la hesabu, aliloliandika mwenyewe kwa mkono siku ya kwanza: nukta kwa aliyekuja, duara kwa asiyekuja, msalaba kwa aliyekuja bila buti. Kila Ijumaa hutuletea idadi tu, kwenye kijikaratasi. Orodha yangu ilikuwa na watu ishirini na mmoja wa umeme. Kijikaratasi kilisema ishirini na wawili, wiki baada ya wiki. Mimi nilidhani macho ya mzee yameanza kuchoka, nikawa naandika ishirini na mmoja na kuendelea na kazi nyingine. Hivyo ndivyo mtu alivyosoma mwaka mzima akiwa hayupo.

Na alisoma kweli. Muhula wa pili alipanga upya nyaya za ubao mkuu wa karakana baada ya wenzake wawili kushindwa. Mashine ya kuchomelea ya darasa la jirani, iliyokuwa imelazwa kona miezi sita, aliiamsha kwa saa moja na nusu. Mkuu mwenyewe alikuwa anapita, akasimama, akampa mkono. Alimpa mkono mtu ambaye hakuanza.

Orodha ya watahiniwa ilibandikwa ubaoni Jumatano, na mwisho wa kupeleka majina ofisi ya mitihani ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Mama Pacha alikuja dirishani moja kwa moja kutoka ubaoni.

"Dada, jina langu limerukwa," akasema. Hakuwa na wasiwasi bado. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyesahauliwa chenji.

Nikamwomba kitambulisho, nikatafuta. Nikaliona neno lenyewe, tarehe, na herufi za jina langu mimi pembeni yake.

"Nenda darasani, mama. Nitalishughulikia," nikamwambia.

"Lisije likanikosesha tu, dada. Kule kazini wanatangaza nafasi mwezi ujao."

Nikaenda kwa Mkuu. Mzee Koili nilimkuta koridoni, nikamweleza kwa maneno matano, akanifuata na daftari lake kwapani bila kuzunguka hata mara moja.

Mkuu alitusikiliza huku akilaza na kuinua kalamu yake. "Pole yake," akasema mwishowe. "Mwakani tutampokea kwa mikono miwili."

"Mwakani kazi yenyewe itakuwa imeshachukuliwa," nikasema.

"Bi Rejesta, nikimrudisha huyu, wizara wataniuliza alitokaje. Wakiuliza ya huyu, watauliza ya wale thelathini. Unataka niwaambie nini?"

"Ukweli," akasema Mzee Koili.

"Na akifeli je? Namba inashuka, mzee wangu. Nyinyi mnamwona mtu mmoja, mimi nakiona chuo kizima."

Mzee Koili akafungua daftari mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari. "Huyu ana nukta mia moja sitini na tatu. Maduara kumi na moja, yote ya siku mama yake alipovunjika. Msalaba hana hata mmoja. Wewe nilikufundisha mimi kufunga plagi, bwana mdogo, na ulikuwa unakuja na kandambili."

Mkuu akalifunga daftari taratibu, akamrudishia. Akasema mjadala umekwisha na ana wageni.

Nilitoka pale damu inanichemka. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa na sijaona dharau kama ile. Mtu anaamka alfajiri kufua shuka za wagonjwa, anakuja darasani amechoka, anajibu maswali ya umeme juu ya sufuria, anatengeneza hata mashine zetu sisi wenyewe zilizotushinda, halafu aliyekalia kiti cha kuzunguka anaogopa asije akamharibia namba. Angekuwa anaogopa Mama Pacha akifeli atakosa kazi, ningemwelewa. Hilo halikumpitia kichwani. Kwake yule mama alikuwa desimali. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba desimali hiyo niliikata mimi, bila hata kuuliza ni ya nani.

Kulikuwa na njia moja isiyohitaji saini ya Mkuu. Karani wa usajili anaruhusiwa kurekebisha kosa lake mwenyewe hadi siku ya mwisho ya kupeleka majina. Anajaza fomu ya masahihisho, anaeleza alivyokosea, anaambatanisha ushahidi kwamba mwanafunzi alihudhuria, anaweka saini. Ningeweza kumrudisha Mama Pacha, lakini kwa kuandika kwamba nilimfuta kwa uzembe wangu. Si kwa amri ya mtu. Wale thelathini nisingeweza kuwarudisha hata kwa uongo, kwa sababu tulishawafukuza getini, na asiyeruhusiwa kuingia hana mahudhurio.

Nikaijaza Alhamisi asubuhi. Palipoandikwa "sababu ya kosa" nikaandika: kutokuwa makini. Mzee Koili alisimama kwenye mashine ya kunakili akitoa kurasa za daftari lake moja moja, akiikaripia mashine ilipokwama. Nikaupeleka mzigo mwenyewe ofisi ya mitihani. Afisa wa pale, mwanamke wa rika langu, akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, miaka kumi na tisa kazini na unakosea hivi?"

"Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa, akagonga muhuri. Niliona aibu mbele ya mwanamke yule kwa kosa ambalo sikulifanya, na nadhani nilistahili, kwa ajili ya lile nililolifanya.

Mama Pacha alifanya mtihani. Akafaulu, na kwa vitendo hakuna aliyemfikia. Msimamizi wa matengenezo alitimiza neno lake: alikubali karatasi ya matokeo cheti kikiwa bado kuchapwa, barua ya Mama Pacha ikawekwa mbele, akahojiwa, akapewa kazi. Kuanzia mwezi wa kwanza funguo za chumba cha mitambo ziko mfukoni mwake, na mashine ikigoma haangalii tena kama mjinga.

Mimi nilipewa barua ya onyo, iwekwe kwenye faili langu. "Uzembe uliokithiri katika utunzaji wa kumbukumbu." Sahihi ya Mkuu, kubwa, yenye mkia. Wiki ileile alitangaza kiwango cha mwaka: kati ya walioanza mia moja themanini na wawili, waliohitimu mia moja sitini na sita, asilimia tisini na moja nukta mbili. Nikapiga hesabu mwenyewe. Bila Mama Pacha kingekuwa chini kidogo. Yule aliyeogopwa kuishusha namba ndiye aliyeipandisha, na aliyemrudisha akapewa onyo, na aliyemtoa akapigiwa makofi ukumbini, na mimi nilipiga makofi pia, nimeketi safu ya tatu.

Kisha nikaipiga hesabu ya kweli, kwa penseli, nyuma ya bahasha. Waliosajiliwa siku ya kwanza walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Waliohitimu ni walewale mia moja sitini na sita. Asilimia sabini na nane. Niliitazama namba ile kwa muda mrefu. Haina aibu yoyote. Watu wenye zamu, wenye wagonjwa, wenye watoto mgongoni, karibu wanane kati ya kumi walimaliza na kufaulu. Wizara wangetuweka kwenye uangalizi, sawa. Wangekuja kutuuliza tuna shida gani, nasi tungewaambia. Badala yake tuliwaambia hatuna shida, tukawafanya watu thelathini kuwa hawakuwahi kufika.

Mama Pacha alikuja kuchukua cheti chake mchana mmoja, akiwa na ovaroli mpya yenye jina la kazi yake kifuani. Alisaini kitabu, akakipokea, akakisoma mara mbili. Halafu akainama karibu na dirisha ili wa nyuma yake wasisikie.

"Dada, nimeambiwa ulipewa onyo kwa ajili yangu. Nimekuja kukwambia sina kinyongo. Majina ni mengi, mtu yeyote anaweza kuchanganya. Ulikosea, ukarekebisha. Mungu akubariki."

Ningeweza kuupokea msamaha ule nikaenda nao nyumbani. Ulikuwa mtamu, na nilikuwa nimechoka. Lakini ulikuwa wa kosa jingine. Nikamwambia sikuchanganya majina. Nikamwambia kuhusu karatasi ya Mkuu, siku ya thelathini na tisa, wiki ya ufagio, na nikamwambia kwamba ni mimi niliyeandika, kwa hiari yangu, nikijua ninachofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, cheti mkononi.

"Mlikuwa mnawatoa watu kwenye kozi zote?" akauliza.

"Zote."

"Na ushonaji?"

"Ushonaji walitoka saba."

Akasema polepole, "Jirani yangu tulikuja kujisajili siku moja. Yeye ushonaji. Wiki ya saba akaambiwa getini jina lake halipo. Akaja kwangu analia, akaniuliza, mbona wewe umebaki? Nikamwambia mimi naamka alfajiri, yeye ni mvivu, ndiyo maana wamemtoa. Nilimwambia mbele ya wanawe, dada. Hatujasalimiana mpaka leo."

Akakitia cheti chake kwenye bahasha.

"Niangalizie alikosa nini hasa," akasema. "Nikienda kumwomba radhi sitaki kwenda na maneno ya juu juu."

Akanitajia jina. Nikafungua kumbukumbu za wiki ile, nikatafuta mstari wa yule jirani. Mama Pacha alingoja ameegemea dirisha, na foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Jaribio la kwanza alikuwa amefaulu. Alikuwa amekosa siku nne.